Mchezaji wa Taekwondo na Safari Zake Chache

Tarehe 19 Agosti 2016, mjini Rio de Janeiro, Cheick Sallah Cissé wa Côte d'Ivoire alikuwa nyuma, pointi 4 kwa 6, katika fainali ya uzito wa chini ya kilo 80. Ilibaki sekunde moja. Akazunguka, mguu ukampata Lutalo Muhammad wa Uingereza kichwani, ubao ukasoma 8 kwa 6, na nchi yake ikapata dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Siku hiyohiyo mwenzake, Ruth Gbagbi, alitwaa shaba. Vijana ninaowafundisha wameitazama video ya pambano lile mpaka wameikariri, na kila mmoja huja kuniomba nimfundishe teke lile.

Teke lile linafundishika. Kazi ngumu ni kumfikisha mtu pale ambapo teke lake lina maana. Nimekaa kwenye kiti cha kocha miaka mingi, na wachezaji wazuri niliowaona wakipotea hawakupotea kwa kukosa mateke. Walipotea kwenye mizani, kwenye dirisha la viza, kwenye fomu iliyosahauliwa, na kwenye safari ya gharama kubwa waliyoifunga wakati usiofaa. Mpinzani wako wa Ubelgiji au Ujerumani hupanda treni Ijumaa, akapigana Jumamosi, Jumatatu yuko darasani. Mwaka mzima anaweza kwenda mashindano kumi. Wewe wa Nairobi, Dar es Salaam, Bujumbura au Goma ukipata safari mbili kwa mwaka, umebarikiwa. Basi makala hii ni ya mtu mwenye safari mbili. Mwenye kumi anaweza kukosea nane na bado akasonga mbele.

Anza kwenye mlango unaofunguka

Kuna taekwondo ya namna mbili kubwa duniani, na wazazi wengi hawalijui hilo. Ipo ya shirikisho la ITF, lililoanzishwa na Jenerali Choi Hong Hi mwaka 1966, na ipo ya World Taekwondo, iliyoanzishwa Seoul mwaka 1973. Zote mbili ni sanaa zenye heshima. Lakini Olimpiki inaitambua World Taekwondo peke yake. Mchezo ulionyeshwa kwa majaribio Seoul 1988 na Barcelona 1992, kisha ukaanza kutoa medali rasmi Sydney 2000, na njia yote hiyo imepita kwenye shirikisho hilo moja. Nimekutana na vijana wa miaka 20, wenye mikanda myeusi na vipaji vya kweli, wanaoulizia timu ya taifa ya Olimpiki huku wamefundishwa tangu utoto kanuni za shirikisho jingine. Kubadili kunawezekana, lakini mwendo wa miguu, umbali wa kusimama na hata namna ya kuhesabu pointi vyote hubadilika. Uliza swali hili siku ya kwanza unapomwandikisha mtoto klabuni.

Ukishajua uko nyumba gani, tafuta karatasi mbili. Ya kwanza ni cheti cha dan, yaani daraja la mkanda mweusi, kutoka Kukkiwon, makao makuu ya sanaa hii kule Seoul. Mkanda uliofungwa kiunoni na mwalimu wako hautoshi, kwa kuwa waandaaji wa mashindano ya kimataifa wanataka namba ya cheti. Ya pili ni leseni ya mchezaji ya World Taekwondo, ambayo kila mtu huiita GAL, na hupatikana kupitia shirikisho la taifa lako. Leseni hiyo ina muda, ikiisha huwezi hata kuandikishwa. Usimwachie katibu wa shirikisho kazi ya kukumbuka tarehe yako. Yeye ana wachezaji mia, wewe una leseni moja.

Kuhusu umri, hesabu ni rahisi: miaka 12 hadi 14 ni kadeti, 15 hadi 17 ni vijana, na kuanzia 17 unaruhusiwa kupigana na wakubwa. Mwenye miaka 17 yuko kwenye mpaka, na makocha wengi hukimbilia kumpeleka kwa wakubwa ili aonekane. Ushauri wangu ni amalize kwanza mwaka wake wa vijana. Kupigwa na mtu wa miaka 26 aliyeshiriki Olimpiki hakumfundishi mtoto kitu zaidi ya woga.

Kilo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi huharibikiwa.

Mashindano ya ubingwa wa dunia yana uzito wa aina nane kwa wanaume (chini ya 54, 58, 63, 68, 74, 80, 87, na zaidi ya 87) na nane kwa wanawake (chini ya 46, 49, 53, 57, 62, 67, 73, na zaidi ya 73). Olimpiki ina aina nne tu kwa kila upande: wanaume chini ya 58, 68, 80 na zaidi ya 80, wanawake chini ya 49, 57, 67 na zaidi ya 67. Tazama pengo lililopo. Kijana wa kiume mwenye kilo 63 ana nyumba yake nzuri kwenye ubingwa wa dunia, lakini kwenye Olimpiki hana pa kulala: ama ashuke kilo 5 akapigane na wafupi wenye kasi, ama akapigane na watu wa 68. Msichana wa kilo 53 yuko kwenye shida hiyohiyo katikati ya 49 na 57.

Karibu kila kocha husema ashuke. Mimi husema, kama hajatimiza miaka 21, apande. Mwili wa kijana bado unajengeka, na kilo anazokuja kuzipata kwa chakula na mazoezi ya nguvu ni zake, hazimtoroki asubuhi ya mashindano. Cissé aliyeshinda Rio katika kilo 80 alirudi Paris 2024 katika uzito wa zaidi ya 80, akachukua shaba. Miaka minane baadaye, uzito mwingine, medali nyingine. Angeendelea kuukaza mwili ule ule ubaki chini ya 80, sidhani kama tungemwona tena jukwaani.

Sasa sikiliza kanuni ambayo imewakata watu wengi bila kutarajia. Uzito hupimwa siku moja kabla ya kupigana. Ukizidi, unapewa nafasi moja tu ya kurudi kwenye mizani kabla muda haujaisha. Lakini asubuhi ya pambano baadhi ya wachezaji huchaguliwa kwa kura na kupimwa tena, na hapo hutakiwi kuzidi uzito wako kwa zaidi ya asilimia 5. Fanya hesabu: mtu wa 58 asivuke 60.9, wa 68 asivuke 71.4, wa 49 asivuke 51.45, wa 57 asivuke 59.85. Zamani mchezaji wa kilo 65 aliweza kujikamua jasho mpaka 58, akapimwa, akanywa na kula usiku kucha, akaamka na 64. Leo akichaguliwa kwenye kura, amekwenda nyumbani bila kurusha teke hata moja, na nauli imeteketea.

Kwa hiyo kanuni hiyo ya asilimia 5 ifanye iwe kanuni ya maisha yako ya kila siku. Mchezaji wa 58 asiruhusu mizani ya nyumbani isome zaidi ya 60.9 hata wakati wa likizo, hata baada ya Idi au Krismasi. Pima kila asubuhi ukishatoka msalani, andika kwenye daftari. Ukibakiza wiki nne kabla ya safari uwe tayari uko ndani ya asilimia 3, kisha punguza polepole, nusu kilo au pungufu kidogo ya kilo kwa wiki, kwa kupunguza mafuta, sukari na wingi wa wali au ugali wa usiku. Usipunguze maji mpaka siku ya mwisho, na hata siku hiyo usiyakate kabisa.

Wale wanaokimbia juani wakiwa wamevaa mifuko ya nailoni, tafadhali acheni. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo nchini Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakijikausha hivyo ili wafikie uzito. Walikuwa vijana wenye afya. Na dawa za kuongeza mkojo, vile vidonge vidogo vinavyouzwa dukani kama soda, ziko kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni kwa sababu huficha dawa nyingine. Ukipimwa ukakutwa nazo, unafungiwa kama mtu aliyetumia dawa za kuongeza nguvu, na hakuna atakayekusikiliza ukieleza kwamba ulitaka kupunguza kilo mbili tu.

Kwa wasichana nina neno la ziada, na makocha wa kiume walisikie bila haya. Hedhi ikikoma miezi mitatu mfululizo kwa sababu ya kujinyima chakula, mwili unasema umeishiwa. Mifupa huanza kudhoofika, na mguu unaovunjika kwa msongo haurudi kwa haraka. Mpeleke kwa daktari, na mpandishe uzito.

Wachezaji wetu Waislamu, hasa wa pwani na visiwani, wapange mwaka wao wakijua Ramadhani inaangukia wapi. Mwezi huo unaweza kufanya mazoezi mazuri ya mbinu na mwendo saa moja kabla ya futari, na mazoezi ya nguvu baada ya tarawehe. Usichoweza ni kufunga na kukata kilo kwa pamoja ili upigane wiki ya Idi. Kama mashindano yameangukia hapo, chagua mengine.

Kuchagua safari

Mashindano ya wazi ya kimataifa hupewa daraja kwa herufi G na namba. Dhahabu ya G1 hukupa pointi 10 kwenye orodha ya dunia, fedha 6, shaba 3.6. G2 ni mara mbili yake. Ubingwa wa Afrika ni G4, kwa hiyo dhahabu yake ina pointi 40, sawa na dhahabu nne za mashindano ya wazi ya kawaida. Na pointi hizo huchakaa: kila mwaka unaopita hupungua thamani, mpaka zinafutika. Dhahabu ya mwaka juzi haikulindi leo.

Ukiyaelewa hayo, utaacha kufanya kosa ninaloliona kila mwaka: klabu kuchanga fedha nyingi mno kwenda mashindano makubwa Ulaya, mchezaji akakutana pambano la kwanza na mtu wa kumi bora duniani, akatoka baada ya dakika tano, akarudi na picha tu. Safari yako ya kwanza iende Afrika. Ubingwa wa Afrika wa 2022 ulifanyika Kigali, na kwa mchezaji wa Afrika Mashariki hiyo ilikuwa nafasi ya kupata daraja la G4 kwa nauli ya basi. Nafasi kama hiyo ikija tena, uza hata baiskeli. Mashindano ya Misri na Morocco ni magumu kwa sababu wenyeji wao ni wazuri, lakini ndio hao utakaokutana nao kwenye mchujo wa Olimpiki, basi heri uwajue mapema.

Safari ya pili, kwa watu wetu, nayapendekeza mashindano ya Fujairah, Falme za Kiarabu. Ndege za Dubai kutoka Mombasa, Nairobi, Dar na Zanzibar ni nyingi, Fujairah ni mwendo wa gari wa saa moja na nusu hivi kutoka Dubai, na wengi wetu tuna ndugu Ghuba anayeweza kukupa godoro na chakula unachokijua. Godoro la ndugu na sahani ya wali wa nyumbani vina thamani kuliko hoteli ya nyota nne ambako hujui mchuzi umewekwa nini.

Olimpiki yenyewe ina milango miwili mikuu. Mlango wa kwanza ni wa walio juu kabisa kwenye orodha ya dunia, na kwa mtu wa safari mbili ni mwembamba sana. Mlango wa pili ni mchujo wa bara. Afrika imekuwa ikipata nafasi mbili katika kila uzito, kwa maana ya wale wawili wanaofika fainali. Faith Ogallo wa Kenya alipitia hapo, mjini Rabat, Februari 2020, akaenda Tokyo katika uzito wa zaidi ya 67. Mchujo wa kuelekea Paris ulifanyika Dakar, Februari 2024. Nchi huruhusiwa kupeleka kwenye mchujo huo wanaume wawili na wanawake wawili tu, ingawa kuna aina nne za uzito kila upande. Maana yake ni kwamba pambano lako gumu la kwanza liko nyumbani: shirikisho litachagua uzito upi uende. Mpe mchaguzi sababu kwa matokeo ya miaka miwili. Mwezi mmoja kabla ya mchujo umeshachelewa.

Na kwenye mchujo wenyewe, tazama mapambano yanavyopangwa. Fainali haiamui chochote, kwa kuwa wote wawili wameshafuzu. Nusu fainali ndiyo inayoamua. Hilo ni pambano lako la tatu, pengine la nne, siku hiyohiyo moja. Basi mazoezi yako ya miezi mitatu ya mwisho yaige siku hiyo: pambano kamili asubuhi, jingine baada ya saa mbili, jingine mchana, jingine jioni, ukila na kupumzika katikati kama utakavyofanya kule. Niliwahi kumpeleka kijana mwenye mateke mazuri ambaye hakuwahi kupigana zaidi ya mara mbili kwa siku. Pambano la tatu miguu yake ilikataa. Kosa lilikuwa langu kama kocha, na sijalirudia.

Chakula cha siku hiyo kisiwe kigeni. Beba unga wako wa uji, chumvi za kurudisha maji mwilini, ndizi ukizipata, karanga kidogo. Baada ya kupimwa uzito kunywa kwanza, kula baadaye, na kula mara nyingi kidogokidogo. Nyama ya kuchoma ingoje mpaka medali ipatikane.

Karatasi za safari

Viza ya nchi za Schengen inataka bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, na ombi linaweza kuwasilishwa miezi sita kabla. Mwisho wa kuwasilisha ni siku 15 kabla ya safari, lakini anayengoja mpaka siku ya kumi na sita anajitafutia balaa. Omba barua ya mwaliko kwa waandaaji siku ileile unapojiandikisha. Ambatanisha barua ya shirikisho, barua ya chuo au mwajiri inayoonyesha kwamba una jambo la kukurudisha nyumbani, na taarifa ya benki ya mdhamini. Kama una chini ya miaka 18, barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili.

Pasipoti iwe na miezi sita mbele ya tarehe ya kurudi. Kadi ya homa ya manjano huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa sindano, na sasa hudumu maisha yote, basi ipate mara moja uitunze pamoja na pasipoti. Nimeona mchezaji akizuiliwa uwanja wa ndege kwa kukosa kadi hiyo, huku mizigo yake imeshapanda ndege.

Kuhusu vifaa: kinga ya mwili, ile tunayoiita hogu, na helmeti yenye vihisi hutolewa na waandaaji, lakini soksi zenye vihisi ni zako. Mifumo inayotumika sana ni miwili, Daedo na KP&P, na soksi za mmoja hazisomeki kwenye mwingine. Soma tangazo la mashindano mpaka ukurasa wa mwisho, ujue mfumo gani utatumika. Mwaka mmoja tulifika na soksi zisizo sahihi, tukazunguka hema la wauzaji usiku kucha, tukanunua kwa bei ya kuumiza, na kijana wangu akapigana na soksi ambazo hajawahi kuzivaa. Beba pia vyako vyote vidogo: kinga ya meno, ya kinena, ya ugoko, ya mikono, na glovu. Vibebe mkononi ndani ya ndege. Mizigo hupotea.

Mkeka umebadilika

Klabu nyingi za kwetu hazina hogu ya umeme, na vijana hufundishwa kupiga kwa sauti kubwa ili mwamuzi asikie. Mashine haina masikio. Inasoma mguso wenye nguvu ya kutosha kwenye mahali sahihi, na nguvu hiyo hupangwa kwa kila uzito. Hivyo teke la mguu wa mbele, linaloinuka bila kuonyesha dalili na kusukuma kifua au kupanda kichwani, limekuwa silaha ya kwanza. Fundisha mguu wa mbele mpaka mchezaji aweze kuusimamisha hewani huku akicheza kwa mguu mmoja. Huhitaji umeme kwa hilo. Unahitaji ukuta wa kushikilia na subira.

Pointi ziko hivi: ngumi ya kifua 1, teke la kifua 2, teke la kichwa 3, teke la kuzunguka kwenye kifua 4, la kuzunguka kichwani 5. Kila kosa, gam-jeom, humpa mpinzani pointi 1. Tangu 2022 pambano huamuliwa kwa raundi: anayeshinda raundi mbili kati ya tatu ndiye mshindi, na kila raundi huanza sifuri. Mabadiliko haya ni makubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Zamani ukiwa nyuma kwa pointi 10 ulilazimika kuzifukuzia zote. Sasa ukiharibikiwa raundi ya kwanza, unapumzika dakika moja, unaanza upya. Wachezaji wetu, wanaoishiwa matumaini mapema wakikutana na majina makubwa, wavifundishe vichwa vyao hili kabla ya miguu.

Raundi ikiisha sare, anapewa aliyepata pointi nyingi zaidi kwa mateke ya kuzunguka. Anthony Obame wa Gabon alifika fainali ya London 2012, akamaliza 9 kwa 9 na Mwitaliano Carlo Molfetta, na waamuzi wakampa Molfetta. Fedha ile ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Gabon. Leo kanuni inakuonyesha wazi jinsi ya kujiokoa: sekunde kumi za mwisho za raundi iliyo sare, jaribu teke la kuzunguka. Lifanyie mazoezi ukiwa umechoka, saa ikihesabu kwa sauti.

Kocha naye ana kadi moja ya kuomba marudio ya video. Akiomba akakosea, imekwenda. Kubalianeni ishara: mchezaji ndiye anayejua kama mguu wake uligusa kichwa. Mwenye kuomba marudio kwa kila teke hana msaada.

Pesa, na mwili

Sitakudanganya kwamba mchezo huu unalipa. Nchini Kenya vikosi vya ulinzi na polisi vimekuwa na timu za taekwondo, na kwa wachezaji wengi ajira hiyo ndiyo iliyowawezesha kuendelea baada ya shule. Vyuo vikuu ni njia nyingine. Kamati ya Olimpiki ya taifa lako hupokea ufadhili wa Olympic Solidarity kwa wanariadha wanaowania kufuzu. Ombi hupita kwao, na huenda kwa aliye na matokeo yaliyoandikwa, picha, na mpango wa mwaka wenye tarehe na gharama. Andika mpango huo hata kama hakuna aliyekuomba. Duka la vifaa, kampuni ya basi au mfanyabiashara wa mtaani atatoa nauli ya mtu mmoja akionyeshwa karatasi moja iliyo safi, kuliko akiombwa kwa maneno.

Na kwa yeyote anayesema mazingira hayaruhusu, namtaja Parfait Hakizimana. Ni Mrundi, aliyejeruhiwa mkono kwa risasi akiwa mtoto. Alikimbilia kambi ya wakimbizi ya Mahama nchini Rwanda, akaanza kufundisha taekwondo pale kambini, na akapigana Tokyo kwenye Paralimpiki katika timu ya wakimbizi, mwaka ambao taekwondo iliingia Paralimpiki kwa mara ya kwanza. Kwa familia zenye mtoto mwenye ulemavu wa mkono, mlango huo upo wazi na wachache wetu wanaubisha.

Mwili utunze kama chombo cha kazi. Goti na kifundo cha mguu ndivyo vinavyoumia zaidi mazoezini, na kichwa ndicho chenye hatari kubwa. Mchezaji akipigwa kichwani akazimia, au akaona mara mbili, au akasahau namba ya raundi, siku yake imekwisha. Kocha anayemrudisha hafai kuachiwa watoto. Dawa yoyote, hata ya mafua, hata mizizi ya mganga, ionyeshwe daktari wa timu kwanza. Ukifikia daraja la kupimwa bila taarifa, utajaza kila robo ya mwaka mahali unapolala na saa moja kila siku ambayo utapatikana. Kukosekana mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa la kufungiwa, hata kama hujawahi kumeza kitu kibaya maishani. Weka saa ya alfajiri, kabla ya mazoezi, ukiwa bado kitandani.

Taekwondo itakuwepo Los Angeles 2028. Kabla hujaenda mazoezini jioni ya leo, fungua pasipoti yako uangalie inaisha lini, kisha panda mizani uandike namba.